Usisubiri Jumamosi: jinsi ya kufaidi msimu wa sakura ukiwa unaishi Japani

Haya, wale mliohamia Japani juzijuzi, huu ndo utaratibu wangu wa kwenda kukaa chini ya miti ya sakura, yaani micheri, ikichanua. Mwaka wa kwanza niliukosa msimu wote kisa nilijisemea ntaenda Jumamosi, Jumamosi mvua ikanyesha kutwa, Jumapili nafika petali zote ziko chini kwenye tope na mti umeshaanza kutoa majani.

Hatua ya 1: anza kufuatilia mapema mwezi wa tatu. Usishike tarehe ya mwaka jana. Tokyo mwaka 2021 walitangaza maua yameanza tarehe 14 Machi, 2024 ikaja kuwa tarehe 29, wiki mbili nzima hizo. Shika maneno mawili tu. *Kaika* ni kuanza kuchanua: kwa Tokyo watu wa hali ya hewa wanaenda kukagua mti mmoja pale kwenye hekalu la Yasukuni, wakikuta maua matano sita yamefunguka ndo wanatangaza, na kamera za TV zimejaa zinamuangalia mtu mzima wa suti anahesabu maua, mi nlicheka sana. *Mankai* ni karibu mti wote umefunguka, kama wiki moja baadae, na hiyo ndo siku yako. Mingi ya hiyo miti ni aina moja inaitwa Somei Yoshino, inazalishwa kwa kupandikiza tawi kwa hiyo yote ni kama pacha, inachanua pamoja na kupukutika pamoja. Upepo mmoja tu basi.

Hatua ya 2: tafuta siku ya kazi. Omba nusu siku mapema maana mwisho wa Machi ndo wanafunga mwaka wa fedha na ofisini kila mtu kavurugwa. Ukinyimwa amka, saa kumi na mbili asubuhi uko chini ya mti, saa tatu uko kazini.

Hatua ya 3: chagua sehemu, hizi ni za Tokyo. Unataka kelele na watu walolewa, bustani ya Ueno. Una watoto, bustani ya Shinjuku Gyoen, kiingilio yen 500 mtu mzima na pombe hairuhusiwi, halafu wana aina nyingi za sakura so hata ukichelewa hukosi kitu. Mto Meguro ni mzuri kweli ila usiku ni kusukumana kama unagombea daladala ya Mbagala. Mi siku hizi naenda kwenye kamto ka mtaani kwetu, kuna miti kama ishirini, bibi wawili na mbwa wao, basi.

Hatua ya 4: vitu vya kubeba. Turubai la bluu la duka la yen 100, na maboksi ya kutandika chini yake maana ardhi bado ni barafu. Jaketi, hata kama mchana kulikua na jua, baridi ya kipindi hiki ina jina lake kabisa, *hanabie*. Mifuko ya taka, utarudi nazo nyumbani. Na soksi zisizo na tundu!! Viatu vinavuliwa kabla ya kukanyaga turubai, mi dole gumba lilichungulia mbele ya wafanyakazi wenzangu wote. Kama chavua inakusumbua vaa barakoa, miti ya *sugi*, mierezi ya Kijapani, inakuwa imechachamaa kumwaga chavua muda huohuo.

Hatua ya 5: msosi. Kombini, vile viduka vya kila kona, utapata onigiri (matonge ya wali) na kuku wa kukaanga, lakini beba na hotipoti ya pilau uone turubai la jirani linavyosogea. Chukua na *sakura mochi*, kale kakeki ka pinki kalikofungwa jani. Mi nlikuwa nabandua jani natupa, mama mmoja akaniangalia kwa huruma akala la kwake lote. Jani limekaa kwenye chumvi, linaliwa, na ule utamu bila ile chumvi ni nusu tu.

Hatua ya 6: usitingishe tawi ili picha itoke na petali zinaanguka. Wala usivunje. Watakunyamazia, lakini wamekuona.

Hatua ya 7: ukichelewa. Katikati ya Aprili kuna *yaezakura*, maua manene yamejaa kama waridi. Au panda treni kaskazini, Hirosaki kule Aomori mara nyingi ni mwisho wa Aprili, petali zinadondoka kwenye handaki la maji la ngome mpaka maji yenyewe huyaoni, yamekuwa mkeka wa pinki. Hoteli wahi.