Kutoka Kwenye Cheti Hadi Mdomoni mwa Mgonjwa: Istilahi za Kwanza kwa Wanafunzi wa Famasi

Mwanafunzi anayeanza mafunzo kwa vitendo kwenye dirisha la dawa mjini Kigoma hukutana na lugha tatu kabla hata asubuhi haijakomaa: Kilatini kilichokatwakatwa na daktari kwenye cheti, maneno ya stoo yaliyochapwa kwenye boksi, na Kiswahili cha mgonjwa mwenyewe, ambacho huku kwetu huchanganyika na Kiha, Kirundi na maneno ya ng'ambo ya ziwa. Ushauri wangu ni kwamba usikariri istilahi peke yake. Kila unapojifunza kifupisho, jifunze papo hapo sentensi utakayomwambia mgonjwa, kwa sababu makosa mengi hutokea pale lugha moja inapokabidhi ujumbe kwa nyingine.

Anza na vifupisho vya nyakati, maana ndivyo vinavyojirudia kuliko vyote. OD ni mara moja kwa siku, BD ni mara mbili, TDS ni mara tatu na QID ni mara nne. Nocte ni usiku, STAT ni sasa hivi, na PRN ni pale inapohitajika, yaani mgonjwa ameze maumivu yanapomjia wala si kwa ratiba. Njia ya kutolea dawa nayo hufupishwa: PO ni kwa mdomo, IM ni sindano ya msuli, IV ni ya mshipa na SC ni ya chini ya ngozi. Jihadhari na OD, kwa kuwa katika kliniki ya macho herufi hizo hizo humaanisha jicho la kulia.

Vyeti vingi vya Tanzania haviandiki hata hivyo vifupisho, bali huandika namba, kwa mfano 2 x 3 x 5. Namba ya kwanza ni vidonge vya mara moja, ya pili ni idadi ya mara kwa siku, na ya tatu ni idadi ya siku. Hapa hesabu ya shuleni inaweza kukuponza, kwa sababu 2 x 3 na 3 x 2 zote ni sita, lakini kwenye dawa si kitu kimoja. Kwa parasetamoli ya miligramu 500, 2 x 3 humpa mtu mzima gramu 1 kila mara, ambayo ndiyo kikomo cha dozi moja, ilhali 3 x 2 humpa gramu 1.5 kwa mkupuo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni saa. Ukimwambia mgonjwa "meza kila baada ya saa nane", kuna atakayesikia "saa nane" tu, naye atameza mara moja mchana na kuendelea na shughuli zake. Taja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Dawa mseto ya malaria (artemetha na lumefantrini) inaonyesha vizuri kwa nini jambo hili lina uzito. Mgonjwa mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne mara sita katika siku tatu, jumla vidonge 24, lakini dozi ya pili hufuata muda wa saa nane baada ya ile ya kwanza, na zinazobaki humezwa asubuhi na jioni. Aliyeanza saa tatu asubuhi arudie saa kumi na moja jioni, kisha siku mbili zinazofuata ameze saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Mweleze pia ameze pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Mahali ambapo mawese hayakosekani jikoni, sharti hilo si gumu.

Kisha kuna majina. Kila dawa ina jina lake lenyewe, ambalo halibadiliki, na jina la kibiashara lililotolewa na kiwanda: parasetamoli ni dawa, Panadol ni jina la kibiashara. Mgonjwa akishika vyote viwili akidhani ni dawa mbili, atajizidishia dozi bila kujua.

Kigoma huongeza mtego mwingine. Mtu aliyetoka Burundi au Kongo akiomba "kinini", mara nyingi anataka kidonge chochote, si kwinini. Muulize kwanza anaumwa nini na aonyeshe cheti. Cheti chenyewe huenda kimeandikwa kwa Kifaransa, ambapo "1 cp 3x/j" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, "gél" ni kapsuli, na nukta ya desimali huandikwa kwa mkato, hivyo 0,5 mg ni nusu miligramu. Wewe unapoandika, weka sifuri mbele (0.5) na usiiweke nyuma (5.0), maana nukta ikififia, nusu hugeuka tano na tano hugeuka hamsini.

Nguvu ya dawa ya maji husomwa pamoja na ujazo wake. Chupa iliyoandikwa 125 mg/5 ml ina miligramu 125 katika kila mililita tano, kwa hiyo mtoto aliyeandikiwa miligramu 250 apewe mililita kumi, zipimwe kwa kipimo kilichomo ndani ya boksi, si kwa kijiko cha chai cha nyumbani.

Maneno ya stoo ni mepesi: EXP ni mwisho wa matumizi, namba ya toleo hukuwezesha kuitafuta dawa iliyoagizwa irudishwe, na kanuni ya rafu ni kwamba inayokaribia kuisha muda ndiyo itoke kwanza, hata kama iliingia jana.

Tofautisha pia maudhi na mzio. Kuharisha kidogo kwa sababu ya amoksilini ni maudhi. Vipele, midomo kuvimba na kupumua kwa shida ni mzio, na mgonjwa huyo aache dawa na arudi hospitali mara moja. Akisema tu "dawa hii hunikataa", usiandike chochote mpaka umeuliza ilimfanya nini.

Ukishaandika bahasha, usimuulize kama ameelewa, kwa kuwa wengi wataitikia "ndiyo" kwa heshima. Muulize, "Mama, ukifika nyumbani utazimezaje hizi?" Akikujibu tofauti na ulivyoandika, chukua bahasha na uanze naye upya, hata kama foleni imefika mlangoni.