Santuri ndogo za soul: jinsi ya kuzitafuta na kuziokoa Dar

Mwaka 1969 wakuu wa mkoa wa Pwani, ambao Dar ilikuwa ndani yake, walipiga marufuku muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi. Vijana walikuwa wameshanunua santuri zao, na nyingine bado zimelala makabatini.

Hatua ya 1: Anzia majumbani. Masoko ya Mchikichini na Kariakoo pitia, lakini nakala nzuri nimezipata kwa wazee. Shikamoo kwanza, ukae, uulize dansi za enzi zao. Ukitaja bei kabla ya mazungumzo, umeshaikosa. Uliza "sahani", maana wengi ndivyo wanavyoziita.

Hatua ya 2: Kagua juani. Inamishe santuri mwanga uiteleze. Mkwaruzo unaousikia kwa ncha ya ukucha, sindano nayo itausikia. Kisha itazame kwa ubavu kama imepinda. Nakala za Marekani za mizunguko 45 kwa dakika, ndizo hizi ndogo, mara nyingi zina tundu kubwa la karibu sentimita 3.8, hivyo tembea na kile kipande cha plastiki cha kuziba katikati.

Hatua ya 3: Soma namba. Hapa usiharakishe. Karibu na lebo, pale muziki unapoishia, kuna namba zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe. Nakili zote, pande zote mbili, herufi kwa herufi. Lebo inaweza kuigwa vizuri sana; namba hizo ndizo hututenganishia toleo la kwanza na marudio ya baadaye. Nakala za majaribio zilizopelekwa redioni hutolewa chache. Mfano ni santuri ya mwimbaji Frank Wilson ya mwaka 1965, ya kampuni ya Motown ya Marekani: nakala zake karibu zote ziliharibiwa kabla ya kufika madukani. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000.

Hatua ya 4: Osha. Hewa yetu ya pwani huzaa ukungu. Nunua maji ya betri, na usome chupa uhakikishe si asidi. Tia tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini ukifuata duara, lebo ibaki kavu. Suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni, anika kivulini. Spiriti usiiguse kwenye zile sahani nzito za mizunguko 78: inaziyeyusha.

Hatua ya 5: Hifadhi. Zisimamishe wima kama vitabu, kila moja kwenye bahasha mpya ya karatasi, mbali na sakafu na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika. Wala usiziache garini. Niliacha moja kiti cha nyuma mchana mmoja wa Januari, nikaikuta imejikunja kama chapati. Bado inaniuma, kwani mzee aliyenipa alikuwa ameitunza tangu ujanani.

Mwisho kabisa naandika daftarini: namba, tarehe, na mtaa ilikotoka.