Jinsi ya kuanza kukusanya medali, aproni na vitu vya kale vya loji: Freemason, Odd Fellows na wenzao

Naanza na hili maana ndo swali la kwanza kila nikimuonyesha mtu vitu vyangu: kumbe na wewe ni Freemason, umeshatajirika? Hapana, kukusanya medali na aproni (vazi la mbele wanalovaa kwenye vikao vyao) za Freemason hakukufanyi uwe Freemason, na hakuna mamilioni yatakayoingia kwenye simu. Ni vitu vya kale tu kama stempu au sarafu za zamani. Na yeyote anayekutumia meseji WhatsApp eti lipa hela ya fomu ujiunge upate utajiri, huyo ni tapeli, mbloku hapohapo. Loji zenyewe, yaani matawi wanakokutania, hazijajificha kihivyo, Nairobi na Dar zina majengo yao mjini kabisa, na marehemu Sir Andy Chande aliyefariki 2017 aliwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki miaka mingi na kila mtu alijua. Haya, tuendelee na kazi.

Mi naishi Birmingham, Uingereza, na vitu vyangu karibu vyote nimevipata kwenye masoko ya Jumapili asubuhi, yale watu wanapanga vyombo vya nyumbani nyuma ya gari wanauza, na kwenye minada midogo ya mali za marehemu. Huku mzee akifariki, watoto wanafungua droo wanakuta kimkoba cheusi cha ngozi, ndani kuna aproni, kola ya utepe wa bluu na medali mbili tatu, hawajui ni nini na hawana pa kuviweka, basi vinaishia mezani kati ya vikombe na chaja za simu. Ndo hapo unaingia wewe.

Ila kabla hujatoa hela elewa hivi vyama vilikuwa nini, maana bila hivyo utakuwa unanunua vinavyong'aa tu. Freemason walianzisha Loji Kuu yao ya kwanza, yaani ya kusimamia loji nyingine, London mwaka 1717. Odd Fellows wa Marekani walianza Baltimore 1819, aliyewaanzisha ni Thomas Wildey, na kazi waliyojipa ni kutembelea wagonjwa, kuzika wafu na kusomesha yatima. Sasa mtu wa kwetu akisikia hivyo anaelewa haraka kuliko Mzungu wa leo, maana hicho ni chama cha kufa na kuzikana kabisa, tofauti ni kwamba wenzetu walivaa mikanda na panga. Wakati huo hakuna bima ya serikali, baba akianguka kiwandani familia inaitegemea loji. Knights of Pythias wao ni 1864, Washington. Halafu kuna Buffaloes wa Uingereza, 1822, hawa medali zao watu wanaziuza kama za Freemason kila siku kumbe siyo. Ukiona kichwa cha nyati mwenye pembe, ni Buffaloes, na bei yake kawaida iko chini.

Na watu weusi walikuwepo tangu mwanzo. Prince Hall wa Boston na wenzake walikataliwa na loji za wazungu wa kwao, wakaandika barua London, na cheti cha kuwaruhusu kuwa loji, African Lodge namba 459, kikatolewa 1784. Peter Ogden naye alifanya vilevile kwa Odd Fellows, 1843, cheti kikatoka Uingereza kwa sababu Wamarekani weupe hawakuwataka. Vitu vya loji hizi ni adimu na vinatafutwa sana, kwahiyo ukikutana na utepe wa Prince Hall kwenye boksi la vitu mchanganyiko usiuache, na ukishaununua usiutenganishe na karatasi zake.

Kuhusu alama, hapa mtu aliyekaa karibu na mafundi ana faida kubwa. Freemason wametoa alama zao kwenye vifaa vya fundi uashi, kwahiyo skwea na bikari unavijua tayari. Kwenye kola ya kiongozi kunaning'inia alama ya cheo chake. Skwea ni mkuu wa loji, pima maji ni msaidizi wake wa kwanza, timazi ni wa pili. Kalamu mbili zilizopishana ni katibu, ufunguo ni mweka hazina, njiwa ni yule anayepeleka ujumbe ndani ya loji, upanga mmoja ni mlinzi wa nje ya mlango na panga mbili zilizopishana ni mlinzi wa ndani, na kimkoba ni yule anayeshughulikia misaada, ambaye ndo nampenda kuliko wote. Skwea yenye kibao cha fedha kinaning'inia chini kimechorwa pembetatu na miraba mitatu, ile ya hesabu za Euclid, hiyo wamepewa waliowahi kuwa wakuu. Nyuma mara nyingi kuna maandishi marefu, kapewa na nani, lini, kwa kuongoza mwaka gani. Hizo ndo nzuri. Kwa Odd Fellows tafuta pete tatu za mnyororo, na kwa Pythias herufi F, C, B (Friendship, Charity, Benevolence, yaani urafiki, hisani na ukarimu).

Sasa ununue nini kwanza? Ushauri wangu ni mmoja na sitabadilisha: nunua jina. Medali yenye jina la mtu na namba ya loji nyuma, hata kama imechubuka, ni bora kuliko inayometameta ambayo nyuma ni tupu.

Nikuonyeshe yangu ya kwanza. Ni msalaba wa fedha, katikati kuna kiumbe mwenye mabawa kabeba hekalu, pembeni imeandikwa 1914 na 1918, utepe wa bluu umepauka karibu kuwa kijivu. Nilinunua paundi 15. Hizi zipo nyingi sana, baada ya Vita Kuu ya Kwanza Freemason wa Uingereza walichangisha hela kujenga jengo lao jipya London kama kumbukumbu ya wenzao waliokufa, lile la Great Queen Street lililojengwa 1927 mpaka 1933, na mwanachama aliyechangia gini kumi (gini ni hela ya zamani ya huku, paundi moja na shilingi moja) alipewa msalaba huu. Nyuma kuna BRO, yaani ndugu, jina, na namba ya loji. Nikaichukua namba nikaitafuta kwenye rekodi za loji za John Lane, ziko bure mtandaoni, ikanipa mji. Halafu rejista za wanachama za 1751 mpaka 1921 zimeshapigwa picha ziko kwenye tovuti za kutafuta ukoo, nikalikuta jina, mwaka aliojiunga, na kazi yake: mwoka mikate. Nilikaa na ile medali mkononi muda mrefu. Gini kumi wakati ule kwa mtu wa mikate siyo hela ya kuchezea, lazima kuna mtu alimkumbuka.

Tahadhari moja kwenye namba, na hata wauzaji wenye maduka wanakosea hapa. Loji za Uingereza zilibadilishiwa namba mara kadhaa, mara ya mwisho 1863. Kitu cha kabla ya hapo chenye namba 120 siyo lazima kiwe cha loji namba 120 ya leo, kwahiyo angalia mwaka kwanza ndo uangalie namba. Rekodi za Lane zinakuonyesha namba zote za zamani za loji moja.

Na mwaka utaujuaje? Kama ni fedha ya Uingereza tafuta mihuri, zile alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha, nunua ile lenzi ndogo ya sonara inayokuza mara kumi, ni bei rahisi na itakulipa siku ya kwanza. Simba anayetembea ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha tupu. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, taji ni Sheffield kwa vitu vya kabla ya 1975. Halafu kuna herufi moja ndani ya ngao ndogo, hiyo ni ya mwaka, na kila mji una mpangilio wake, London kwa mfano ilikuwa inatumia herufi 20 kisha inaanza upya na sura nyingine ya herufi. Linganisha umbo la ngao pia siyo herufi peke yake, la sivyo utakosea miaka 20 nzima. Muhuri wa mtengenezaji nao uangalie, George Kenning utamkuta kila mahali, ila ukikutana na Thomas Harper wa London, aliyefariki 1832, hapo mzee kaa chini upumue.

Aproni zina mtego wake. Kabla ya 1814 kila mtu alivaa alivyotaka, ngozi ya mwanakondoo iliyochorwa kwa mkono au kuchapwa picha, nguzo, jua, mwezi, jicho. Loji kuu mbili za Uingereza zilipoungana 1813 wakaweka sare, nyeupe tupu kwa anayeanza, maua mawili ya utepe wa bluu kwa wa daraja la pili, na wa daraja la tatu ana maua matatu, ukingo wa bluu na vishada vya minyororo saba saba. Kwahiyo mtu akikuletea aproni ya ukingo wa bluu yenye minyororo saba akakuambia ni ya miaka ya 1700, mshukuru uondoke. Nimeshaambiwa hivyo mara tatu na watu tofauti!

Marekani ni dunia nyingine na mimi huko napenda kitu kimoja sana, tepe za kugeuza. Upande mmoja rangi kali na herufi za dhahabu, kwa maandamano na sherehe, upande wa pili mweusi na herufi za fedha IN MEMORIAM, yaani kwa kumbukumbu, unageuza unavaa msibani. Zilitengenezwa nyingi, Whitehead & Hoag wa Newark ni kati ya waliozitengeneza, na bado zinapatikana kwa bei nafuu. Upande mweusi ukiwa umechakaa kuliko wa rangi unajua yule bwana alizika wenzake wengi. Panga zao pia ni nzuri, nyingi zina jina la mwenyewe kwenye bapa, M.C. Lilley wa Columbus, Ohio ni jina la kukumbuka, ila usisugue bapa na msasa hata kama kuna kutu, jina lenyewe limekwanguliwa juujuu tu na litaondoka. Na kusafirisha upanga ni shughuli, uliza forodha kabla hujalipa siyo baada.

Vitu vya kuviacha. Nyundo ndogo za vikao vya loji za pembe za ndovu, achana nazo kabisa, Uingereza ina sheria kali ya kuuza pembe iliyoanza kutumika 2022, na ukileta Kenya au Tanzania unatafuta jela. Mifupa ya binadamu nayo: loji za zamani za Odd Fellows zilikuwa na mifupa ya mtu kwenye jeneza kwa ajili ya mafundisho ya kifo, na mara nyingi ni mtu kweli, siyo plasta. Yule ni marehemu wa watu, hanunuliwi. Halafu saa za pembetatu zenye alama za Freemason, za kweli zipo ila za kuigiza ni nyingi mno, usianze na hizo. Na alama za vyeo zilizoandikwa jina la loji, siyo la mtu, muulize muuzaji kazipata wapi, maana hizo ni mali ya loji na zingine zimeibiwa.

Utunzaji sasa, na hapa naomba unisikilize maana nimeshaharibu. Nilikuwa na medali ya fedha ya kuchovya dhahabu, imefifia kidogo, nikaisugua na dawa ya kung'arishia shaba. Dakika mbili dhahabu yote ikabaki kwenye kitambaa. Ilikuwa ya 1887 na haitarudi. Kitambaa kikavu laini, basi, na zenye rangi ya kuchomwa (enameli) usizichovye kwenye maji kwa sababu kukiwa na ufa maji yanaingia chini na rangi inabanduka. Uzi wa metali uliotariziwa kwenye kola usiupake kitu chochote.

Hariri ya miaka ya 1800 mwishoni inapasuka yenyewe, waliitia chumvi za madini iwe nzito ionekane ya thamani, na hizo chumvi zinaila taratibu. Usiikunje, ilaze bapa au izungushie kwenye bomba lililofungwa karatasi isiyo na asidi, na usiiweke juani. Ngozi inaogopa joto na ukavu, inakuwa kama biskuti, lakini kwa mliopo Mombasa, Tanga, Unguja adui ni unyevu, ukungu utaota ndani ya wiki. Weka vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, vingi, kwenye boksi lenye mfuniko, na fungua ukague kila mwezi. Ukiona vitobo vya wadudu kwenye sufu au hariri funga kitu kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, weka friza wiki mbili, kisha kiache ndani ya mfuko mpaka kipate joto la chumba, usifungue kikiwa baridi. Medali yenye rangi ya kuchomwa usiigandishe.

Mwisho ni daftari. Kila kitu kipe namba, andika umenunua wapi, tarehe, bei, jina lililopo, loji, mihuri yote kama ilivyo, na alichokuambia muuzaji hata kama humuamini. Ukinunua kimkoba kizima usikivunje ukauza vipande, picha ya sherehe, kadi ya mwaliko na risiti ya ada vina thamani vikiwa na medali yake. Mi ukurasa wa mwoka mikate wangu una mistari mingi kuliko wote, na bado nimeacha nafasi chini, maana mji wake una gazeti la zamani sijalimaliza kulipekua.