Umri Umesogea na Unataka Ualimu? Anza na Transkripti, Chuo Baadaye

Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja nyumbani na bahasha ya vyeti. Ana miaka 41 na shahada ya uhasibu. Saccos aliyokuwa akifanyia kazi imefungwa, na moyo wake uko darasani tangu zamani. Aliuliza, "Nisome nini, na chuo gani?" Tulikaa mkekani jioni nzima. Nayaandika hapa tuliyoyafanya kwa mpangilio uleule, kwa ajili ya wengine waliofika umri huo Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Hesabu umri wako

Matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza shahada ya miaka mitatu ukiwa na 43, utahitimu na 46. Shule binafsi hazifungwi na ukomo huo, lakini ujue mapema unaelekea wapi. Shemeji akisoma mwaka mmoja atakuwa na 42, na bado ana muda wa kuomba.

Hatua ya 2: Tandaza vyeti vyote

Majina yafanane kuanzia kidato cha nne hadi chuo. Waliobadili jina baada ya kuolewa waende kwa wakili, kisha hati ya kubadili jina isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Usijitegemeze kwenye karatasi ya matokeo ya muda, maana matangazo ya ajira huikataa. Tafuta cheti chenyewe. Uliyesoma sekondari nje ya nchi, nenda NECTA (Baraza la Mitihani) upate ulinganisho wa matokeo yako na ya hapa. Shahada ya nje hushughulikiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Hatua ya 3: Tafuta masomo ya kufundishia

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipoteza nusu mwaka na ada.

Mtu mwenye shahada isiyo ya ualimu huambiwa, "Soma PGDE mwaka mmoja, basi." Ni kweli, stashahada hiyo ya uzamili katika elimu ipo na inatambulika. Tangazo la ajira kwa mwalimu wa daraja la IIIC, yaani mwenye shahada, huwa linakubali shahada ya ualimu, au shahada nyingine pamoja na PGDE. Lakini linaendelea kutaja somo: Hisabati, Fizikia, Kiswahili. PGDE inakufundisha namna ya kufundisha. Somo lenyewe unatakiwa uwe nalo tayari kwenye shahada ya kwanza.

Mimi nilikuwa na shahada ya rasilimali watu. Chuo kilipokea fomu na pesa yangu, hakuna aliyeniuliza kitu. Tulipofika kwenye mbinu za kufundishia, kila mtu akaambiwa achague masomo yake mawili. Nilipekua transkripti yangu, ile orodha ya kozi na alama za chuo, usiku kucha. Sheria ya kazi, saikolojia ya mahali pa kazi, mipango ya mafunzo kazini. Hakuna hata moja ambalo mtoto wa kidato cha pili anafundishwa. Niliacha.

Kilichoniokoa ni cheti changu cha kidato cha sita, kombi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Nilirudi kusoma stashahada ya ualimu ya miaka miwili kwa kutumia matokeo hayo, na leo nafundisha Hisabati na Jiografia. Wapo walionihurumia kwamba nimeshuka kutoka shahada hadi stashahada. Daraja la IIIB, la mwalimu wa stashahada, lenye somo linaloonekana kwenye tangazo lina thamani kuliko PGDE isiyo na somo, na nitalisema hilo kwa yeyote.

Kwa hiyo chukua transkripti na kalamu. Zungushia kila kozi inayolingana na somo la sekondari. Usidanganywe na kozi moja ya "Utangulizi wa Takwimu" ukajiita mwalimu wa Hisabati. Zipatikane kozi za kutosha, za mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha fungua matangazo ya ualimu yaliyopita kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, usome sifa za somo lako neno kwa neno, kwa sababu yanataja umesomea nini. Ukibaki na shaka, peleka nakala kwa mratibu wa PGDE, umuulize utasomea mbinu za masomo gani, na akujibu kwa maandishi kabla hujalipa.

Shemeji kazi yake ilikuwa nyepesi. Uhasibu unaingia moja kwa moja kwenye masomo ya biashara.

Hatua ya 4: Chagua njia

Una shahada yenye somo: PGDE. Una shahada isiyo na somo lakini kidato cha sita ulifaulu: stashahada. Una kidato cha nne, daraja la kwanza hadi la tatu: stashahada ya elimu ya msingi. Una daraja la nne: jisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie mtihani wa Novemba.

Hatua ya 5: Hakiki chuo

Vyuo vikuu, TCU. Vyuo vya ualimu, NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Angalia kozi yenyewe pia, jina la chuo pekee halitoshi.

Hatua ya 6: Huria au darasani?

Kwa mwenye familia na kibarua, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani na ndicho alichochagua shemeji. Lakini kama hujawahi kusimama mbele ya watoto 80 na chaki mkononi, mimi napendelea chuo cha kukaa darasani, wenzako wakukosoe kabla wanafunzi hawajakukosoa.

Kokote utakakosoma, mazoezi ya kufundisha yatakutaka shuleni kila siku kwa wiki kadhaa mfululizo. Mwombe mwajiri ruhusa mapema, na mwone mkuu wa shule ya jirani sasa hivi. Shemeji alikwenda Jumatatu iliyofuata, akaambiwa shule haina mwalimu wa biashara.