SOMO: Kuchagua ruta ya waifai ya nyumbani na kuifunga mwenyewe

Wakuu, habari za leo. Kila wiki napokea ujumbe wa faragha unaouliza nikanunue ruta gani, na wiki inayofuata yuleyule anarudi: nimenunua, chumbani haishiki. Nimechoka kuandika jibu moja mara mia, kwa hiyo nimeliweka lote hapa. Atakayeniuliza faraghani nitamrudisha kwenye somo hili. Nimemlenga mwenye nyumba ya kawaida ya Dar, ya tofali za sementi, bati juu na ukuta wa uzio, awe anatumia faiba au laini ya simu.

1. Pima kwanza, ununue baadaye.
Chomeka kompyuta kwa waya kwenye kisanduku cha faiba, upime kasi. Ikiwa kwa waya unapata unacholipia na kwa waifai hupati, tatizo liko ndani ya nyumba yako na somo hili litakusaidia. Ikiwa hata kwa waya ni mbovu, mpigie aliyekuuzia intaneti. Ruta mpya haitakuongezea kitu. Jua pia kwamba Mbps (megabiti kwa sekunde) siyo MB (megabaiti): gawa kwa 8. Mwenye Mbps 20 anashusha MB 2.5 hivi kwa sekunde, na faili la GB 1 litamchukua karibu dakika 7. Hiyo ndiyo kasi yake, hajaibiwa.

2. Kuchagua.
Usihesabu antena. Geuza boksi usome mambo mawili. La kwanza ni masafa. Ruta ya masafa ya 2.4 GHz peke yake inafika mbali na kupenya kuta vizuri, lakini mtaani kwetu kila nyumba iko humohumo. Tafuta yenye 2.4 na 5. La pili ni matundu ya waya, kama ni ya Mbps 100 au ya gigabiti, yaani Mbps 1000. Ukilipia kifurushi cha 200 ukanunua ruta yenye matundu ya 100, nusu ya hela yako inaishia kwenye tundu. TP-Link Archer C6 na Archer C54 zote zinauzwa kama AC1200, lakini C6 ina gigabiti na C54 haina. Muuzaji wa Kariakoo anaweza asikwambie hilo, kwa hiyo lisome mwenyewe. Hiyo 1200 yenyewe ni jumla iliyopandishwa kidogo ya 300 ya masafa ya 2.4 na 867 ya masafa ya 5, na hakuna simu itakayoipata yote.

TL-WR840N siidharau. Ina 2.4 tu na matundu ya 100, lakini kwa chumba na sebule, kifurushi cha 10 au 20, inafanya kazi. Boksi likiandikwa AX au Wi-Fi 6 ni kizazi kipya kuliko hizo za AC. Kinafaa nyumba yenye vifaa vingi kwa wakati mmoja.

Ruta ya laini: hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja na inashika masafa ya mtandao wako. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazishiki ya kwetu. Ndugu yako akikuletea zawadi kutoka huko, ijaribu kabla hujanunua bando la mwezi.

3. Chomeka umeme, subiri taa zitulie.

4. Kuingia kwenye mipangilio.
Anwani ya kuandika kwenye kivinjari iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na ruta nyingi za laini za Huawei ni 192.168.8.1. Unatumia simu? Zima data kwanza. Simu ikiona waifai haina intaneti inarukia data, na ukurasa wa ruta haufunguki hata ukeshe.

5. Ruta yako nyuma ya kisanduku cha faiba. SOMA HII MARA MBILI.
Hatua hii ilinitoa jasho, na ndiyo inayoleta robo tatu ya ujumbe ninaopokea. Mafundi wa faiba wanakuachia kisanduku chenye waifai yake. Ukichomeka waya kutoka humo kwenda tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta yako, intaneti itapita, lakini utakuwa na mitandao miwili ndani ya nyumba moja: printa iko huku, kompyuta iko kule, hazionani. Na kama vyote viwili vinatumia 192.168.1.1, vinagongana na intaneti inaweza isipite kabisa.

Unachotaka ni ruta yako isambaze waifai tu, kisanduku kibaki mwenye kugawa anwani. Ikiwa kwenye mipangilio kuna chaguo la Access Point, lichague, umemaliza. Kama halipo, fuata mpangilio huu bila kuuruka:

Kwanza, ruta yako ikiwa bado haijaunganishwa na kisanduku, ibadilishie anwani. Kisanduku kikiwa 192.168.1.1, ipe 192.168.1.250. Kabla ya hapo ingia kwenye kisanduku uangalie kinagawa anwani kuanzia ngapi hadi ngapi, na kama 250 imo humo, punguza iishie 200. Pili, hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, zima DHCP (kazi ya kugawa anwani). Tatu, sasa ndiyo uchomeke waya, kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la kisanduku kwenda tundu la LAN la ruta. Siyo WAN. Tundu la WAN libaki wazi.

Ukizima DHCP kabla ya kubadili anwani, simu ikijiunga tena haitapewa anwani na hutaweza kuingia. Usipojua kuiwekea simu anwani kwa mkono, utalazimika kuirudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa kubonyeza kitufe chake kwa pini, na kuanza upya. Ukichomeka waya kabla ya kuzima DHCP, vifaa viwili vinagawa anwani kwa pamoja: leo runinga inashika, kesho haishiki, na kila mtu nyumbani atasema ruta mbovu.

ONYO: pini hiyo ni ya ruta YAKO. Usibonyeze kitufe cha kurudisha kiwandani cha kisanduku cha faiba. Mara nyingi ndani yake kuna jina na nywila za kampuni ambazo wewe huna. Ukizifuta utakaa bila intaneti hadi fundi aje.

Andika ile .250 kwenye kipande cha plasta, ubandike chini ya ruta. Baada ya miezi sita hutaikumbuka.

6. Ulinzi.
Kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3. Badilisha nywila ya waifai na pia ile ya kuingilia mipangilio, hizo ni mbili tofauti. Zima WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au namba bila kuandika nywila. Tangu 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu 8 inahakikiwa kwa vipande viwili, hivyo mtu anahitaji kubahatisha mara zisizozidi 11,000 kuipata, hata nywila yako iwe ndefu kiasi gani.

7. Mahali.
Katikati ya nyumba, juu, wazi. Siyo nyuma ya runinga, siyo ndani ya kabati, siyo jirani na friji, kioo kikubwa au simtanki. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani. Ukichagua 3 kwa kuwa imeonekana tupu, utapigwa kelele na wa 1 na wa 6.

8. Umeme ukikatika.
Nunua betri ndogo ya ruta. Volti lazima zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. Na iwashe vyote viwili, kisanduku na ruta.

MASWALI

Jirani wa Mbagala: Mkuu somo zuri, sasa ninunue ruta gani?
— Hatua ya 2. Hujasema kasi yako wala vyumba vingapi.

Jirani wa Mbagala: Ni ndefu mno, nitajie moja tu.
— Ningeweza kukutajia moja hapa ukaipoteza hela. Soma.

Binti Kigamboni: Shikamoo. Nikiwa sebuleni masafa ya 5 yananipa kasi yote. Nikienda chumba cha mwisho simu inabaki kwenye 5 yenye mstari mmoja, haihamii 2.4. Kosa langu liko wapi?
— Marahaba. Hakuna kosa lako, na umechunguza vizuri. Anayeamua kuhama ni simu, siyo ruta, na simu nyingi hung'ang'ania zilipo hadi ishara ikatike. Yape masafa mawili majina tofauti, na vifaa vya chumba cha mwisho viunge 2.4 peke yake. Au punguza nguvu ya 5 iwe ya kati, simu itaachia mapema. Jaribu la kwanza, kisha uniambie.

Binti Kigamboni: Nimetenganisha majina, chumbani sasa video haikwami. Asante sana.

Msemakweli: Unasema antena hazina maana. Yangu ina sita na inafika hadi getini.
— Sikusema hazina maana. Nimesema usinunue kwa kuzihesabu. Rudia sentensi yangu.

Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa: Ndugu, nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene kama nusu mita. Chumba kimoja kinashika, cha pili hakuna kitu. Kienezi cha kuchomeka ukutani kitasaidia?
— Kidogo tu. Kienezi kwa kawaida kinapokea na kurusha kwa masafa yaleyale, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu, na nacho kinahitaji ishara nzuri pale kilipo, jambo ambalo ukuta wako umekunyima. Vuta waya. Usitoboe matumbawe bila sababu, pitisha kwenye fremu ya mlango au juu kwenye boriti, kisha weka ruta ya pili kwa hatua ya 5. Waya mmoja unafika mita 100. Nunua wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni wa bei rahisi, lakini hukatika ukikunjwa. Ukipita nje, chukua wenye ganda jeusi linalostahimili jua.

Kaka Mkubwa: Kuna simu ya jirani niliifungia kwa anwani yake ya MAC (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao). Imerudi.
— Tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitungia anwani, na mwenye simu anaweza kuibadilisha. Kufungia moja moja hakufai. Badilisha nywila. Fungua pia mtandao wa wageni, maana mtu uliyempa nywila anaweza kumwonyesha mwingine msimbo wa QR wa simu yake na huna habari.

Kaka Mkubwa: Kwa hiyo vifaa vyote nianze kuviunga upya?
— Ndiyo, vyote. Ila ukirudisha jina lilelile, utakuwa unaandika nywila tu.

Fundi wa Faiba: Niongezee. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, msiguse mipangilio yoyote, mwanga haufiki. Tazameni ule waya mwembamba usiwe umebanwa na kabati au umekunjwa kwenye kona. Na msichungulie ncha yake, mwanga ule hauonekani lakini unaumiza jicho.
— Asante fundi. Wakuu, isomeni hiyo.

Mama Nuru: Adapta ya ruta imeungua. Ya king'amuzi inaingia vizuri, niitumie?
— Kuingia hakutoshi. Soma zote mbili: volti zilingane, ampea za king'amuzi zisiwe chini ya za ruta, na ule mchoro wa duara wenye + na − uwe sawa pande zote. Kimoja kikitofautiana, usiichomeke. Ukiweza, tuma picha ya maandishi ya adapta zote mbili.

Mama Nuru: Ruta 12V 1A. King'amuzi 12V 1.5A. + iko katikati kwa zote.
— Tumia.