Funga seli kwa alama ya dola, VAT isikukimbie

Fungua karatasi mpya ya Excel twende pamoja. Kwenye B1 (seli, yaani kisanduku, iliyo kolamu B mstari wa 1) andika 18%, kiwango cha kawaida cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) Tanzania Bara. Mstari wa 3 uwe wa vichwa: A3 Bidhaa, B3 Bei, C3 VAT. Kuanzia mstari wa 4 jaza bei za mfano: mfuko wa saruji 16,000, nondo 25,000, bati 30,000, kilo ya misumari 4,000.

Hatua ya 1: Ikosee kwanza

Kwenye C4 andika =B4*B1. Inakuja 2,880, safi. Sasa shika kile kimraba kidogo kwenye kona ya chini kulia ya seli, buruta mpaka C7.

Ona vituko: C5 ni 0, C6 inasema #VALUE!, na C7 ni 64,000,000. Kilo moja ya misumari, VAT milioni 64! Bofya C7 uisome: =B7*B4. Kila uliposhuka mstari mmoja, Excel ilizishusha seli zote mbili. Bei tulitaka ishuke, lakini kiwango nacho kimeifuata. C5 imekuta B2 tupu, C6 imekuta neno "Bei", C7 imezidisha misumari kwa saruji.

Milioni 64 hainitishi, maana inajisema yenyewe. Ninayoiogopa ni ile sifuri. Niliwahi kutuma profoma (ankara ya awali) yenye VAT sifuri kwenye mstari mmoja, na aliyeiona ni mteja.

Hatua ya 2: Funga

Rudi C4, ingia kwenye fomula, weka kishale cha kuandikia kwenye B1, bonyeza F4. Itakuwa:

=B4*$B$1

Laptopu nyingi zinataka Fn pamoja na F4. Kwenye Mac ni Command na T. Kwenye simu andika dola mwenyewe. (Dola hii haihusiani na fedha, ni kufuli tu.) Buruta upya: 4,500, 5,400, 720. Badilisha B1 iwe 16%, kiwango cha Kenya, na kolamu nzima inajirekebisha. Ndiyo maana sikubali mtu aandike =B4*18%.

Hatua ya 3: Kufunga nusu

Endelea kubonyeza F4 utaona B$1, kisha $B1, kisha B1 bila dola. Dola mbele ya herufi inafunga kolamu. Mbele ya namba inafunga mstari. Kwa kazi yetu ya juu, B$1 ingetosha, kwa kuwa tuliburuta kwenda chini tu.

Utamu wake uko kwenye jedwali la punguzo. Karatasi nyingine: bei zile zile kuanzia A2 kushuka, na 5%, 10%, 15% kwenye B1, C1, D1. Kwenye B2 andika:

=$A2*(1-B$1)

Buruta kulia mpaka D2, halafu chini. C2 ikisoma 14,400, umepatia. Ikisoma 15,200, umefunga B1 pande zote mbili, na kila mteja anapewa punguzo la 5%.