Kushuka South Kaibab hadi Cedar Ridge ukiwa peke yako

Sisi tuliokulia Moshi tumezoea mlima: unachoka ukipanda, kisha unarudi nyumbani ukiteremka. Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani, ni kinyume. Unaanza kwa mteremko, mwili ukiwa mwepesi, na kazi yenyewe inakungoja jua likishakuwa kali. Kwa hiyo panga kurudi kwanza, ndipo upange kwenda.

Anayekwenda mara ya kwanza mimi humwelekeza Cedar Ridge, mahali pa kupumzikia kwenye njia ya South Kaibab. Ni kilomita 2.4 tu, lakini unashuka kama mita 340, na njia inafuata mgongo wa mwamba, kivuli haba. Magari binafsi hayaruhusiwi kufika inapoanzia. Panda basi la bure la hifadhi, alfajiri. Majira ya joto, askari wa hifadhi wanashauri watu wasitembee humo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wasikilize.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu ujumbe: unapita njia gani, na saa ngapi aanze kukutafuta. Simu usiitegemee, mtandao huko ni wa kubahatisha.

Maji njiani hakuna, hata tone. Mimi hubeba lita tatu: moja ya kushuka, mbili za kupanda. Lita ya kwanza ikiisha nageuka, hata kama Cedar Ridge naiona pale mbele. Huu ndio uamuzi ambao ukiwa peke yako huna wa kukusaidia kuufanya, ndiyo maana nataka uufanye ukiwa bado juu, na akili imetulia. Tena kula karanga za chumvi kila unapokunywa. Maji mengi matupu, chumvi ikitoka kwa jasho, ni hatari vilevile.

Ukikutana na msafara wa nyumbu (chotara wa punda na farasi, si wale wa Serengeti), sogea upande wa ukuta, kamwe usisimame ukingoni. Nyamaza, tulia, mfuate anayewaongoza anavyosema, na usirudi njiani hadi wa mwisho awe amekupita kwa kama mita 15.

Cedar Ridge kuna vyoo na uwanja mwekundu wa kupumzikia. Njia inaendelea hadi Skeleton Point; hiyo iache kwa siku nyingine. Kupanda hesabu muda mara mbili ya ulioshukia, na uende kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza bila kuhema. Ukianza kuhema, simama.